Maswali na majibu: Sumu ya kokoa huingilia wapi?

Barua za msimu huu zimejaa hofu, na nyingi zimetokana na sauti zinazozungushwa WhatsApp. Nimechagua zile zinazoniudhi zaidi.

Nasikia Ulaya wamekataa kokoa kwa sababu ya sumu. Ning'oe, nipande migomba?

Acha panga. Ulaya haijakataa kokoa. Tangu Januari 2019 imeweka kikomo cha kadimiamu, metali yenye sumu: chokoleti nyeusi yenye kokoa asilimia 50 au zaidi isizidi miligramu 0.80 kwa kilo. Waliobanwa hasa ni wakulima wa Ecuador, Peru na Colombia, ambako baadhi ya maeneo yana kadimiamu ya asili ardhini. Udongo wako umepimwa na nani?

Nikiosha, nikivundika vizuri na kukaanga, risasi na kadimiamu zinatoka? (Barua kadhaa za Kyela, Rungwe na Mvomero, nazijibu kwa pamoja.)

Mnazitaja metali hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, na kosa linaanzia hapo. Kadimiamu hupitia mzizini. Mti unatafuta zinki, chuma na manganizi. Kadimiamu inafanana nazo, basi inafyonzwa nazo na kupanda hadi ndani ya kiini cha mbegu. Maji hayaifikii. Moto wa kukaangia hauiondoi. Kuvundika hupunguza kidogo tu, pengine hata hicho kidogo usikione.

Risasi ni habari nyingine kabisa. Hung'ang'ania udongo na mizizi, haipandi kirahisi. Watafiti waliopima kokoa ya Nigeria na kutoa matokeo mwaka 2005 walikuta kiini cha mbegu kina risasi kidogo mno, ilhali bidhaa za viwandani zilikuwa nayo maradufu kwa maradufu. Maana yake iliingia baada ya mavuno. Mbegu mbichi ina utelezi, hunasa kila vumbi, na ninyi mnaianika kando ya lami! Petroli yenye risasi tuliachana nayo zamani, lakini risasi iliyokwisha kumwagika kando ya barabara haiozi. Anika juu ya kichanja, mbali na magari, mbali na moshi. Hili halihitaji mfadhili.

Kuna kijana anauza dawa ya maji ya kunyonya sumu shambani.

Anakuibia.

Chokaa inasaidia?

Udongo wenye asidi huiachia kadimiamu, chokaa huifunga. Ila chokaa iliyomwagwa juu hushuka polepole, kwa hiyo kwenye miti mikubwa usitegemee muujiza wa msimu mmoja. Ukizidisha, mti utakosa zinki na chuma. Pima asidi ya udongo kwanza.

Mrututu ninaopuliza ndio unaoleta kadimiamu?

Mrututu ni shaba. Nayo hujilimbikiza juu ya udongo, kwa hiyo puliza kwa kipimo. Mwenye kutiliwa shaka ni mbolea ya fosfati, kwani baadhi ya miamba inayotengenezewa ina kadimiamu nyingi. Muulize muuzaji cheti cha vipimo. Akicheka, nunua kwingine.

Wanangu waache kunywa kokoa?

Wanywe kwa kiasi. Kadimiamu hukaa kwenye figo miaka mingi. Na baba anayeniuliza haya huku anavuta sigara aanze na sigara: tumbaku nayo hufyonza kadimiamu, na moshi wake huifikisha mapafuni moja kwa moja.