Je, Bahari Yaruhusu Leo?

Mkaazi wa Pwani, kabla ya kuingia baharini na ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, jiulize maswali manne.

1. Ni msimu gani? Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, huleta mawimbi makubwa. Wakati wa kaskazi bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi.

2. Maji yako wapi? Hujaa au kupwa kwa takriban saa sita. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti hukaribia mita 4. Maji yakipwa, mwamba huwa karibu na kichwa chako.

3. Mkondo uko wapi? Simama ufuoni dakika 10 utazame. Palipotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika huenda ndipo maji yanapotokea kurudi kilindini. Milango ya mwamba ni hatari zaidi maji yakipwa. Ukishikwa na mkondo, usishindane nao. Shikilia ubao, piga makasia kwa mikono sambamba na ufuo, kisha urudi.

4. Uko na nani? Usiingie peke yako. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi.

Sikiliza pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na uwaulize wavuvi. Ikiwa vyombo vyao vimebaki ufuoni, wana sababu.

Jibu moja likikutia shaka, ahirisha. Kesho maji yatajaa tena, yakichelewa kwa takriban dakika 50 tu.