Waya wa Hita ya Injini Upite Wapi? Maswali ya Wenye Magari Madogo Nchini Kanada

Manitoba, Saskatchewan na Alberta ni majimbo ambako magari mengi yana plagi ya umeme inayochungulia mbele. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Winnipeg, Saskatoon au Edmonton kutoka Kongo, Burundi, Kenya na kwingineko huiona mara nyingi kwa mara ya kwanza wanaponunua gari lililotumika. Hiyo ni plagi ya hita ya injini, na hita yenyewe haina mambo mengi. Matatizo karibu yote huanzia kwenye waya wake, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Hita hii hufanya kazi gani?

Ni kipande cha umeme kinachoingizwa kwenye bloku, yaani kile chuma kikubwa cha injini chenye silinda. Hupasha moto kulanti, maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na joto likaenea hadi kwenye chuma na oili, ili stata isihangaike kuzungusha injini iliyokakamaa. Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita ya injini mwaka 1949. Yake ilikaa mahali pa bolti ya silinda hedi.

Je, ni kweli kwamba inachaji betri?

Hapana, ingawa ni rahisi kuona kwa nini watu huamini hivyo: asubuhi gari huwaka bila shida. Betri husaidika tu kwa kuwa kazi ya kuzungusha injini imekuwa nyepesi. Betri iliyochoka itabaki imechoka, na kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri itakuangusha hata kama hita ni nzima.

Niichomeke lini, na kwa muda gani?

Nyuzi 15 chini ya sifuri ni kipimo kizuri cha kuanzia. Saa mbili hadi nne kabla ya safari zinatosha: ukiondoka saa moja asubuhi, soketi yenye saa ya kujiwasha iwashe hita saa kumi alfajiri. Hita ya gari dogo mara nyingi ni ya wati 400, kwa hiyo saa tatu ni uniti 1.2 za umeme, ilhali usiku mzima wa saa kumi ni uniti 4 bila faida ya ziada.

Naweza kuifunga mwenyewe?

Kufunga hita yenyewe kwa kawaida huhitaji kumwaga kulanti na kutoa kizibo cha bloku, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukimaliza kazi ya aina hiyo usiichomeke kabla kulanti haijajazwa na hewa kutolewa, maana hita inayowaka bila maji huungua. Kukagua na kupanga waya, hata hivyo, mwenye gari makini anaweza, injini ikiwa imepoa na plagi ikiwa nje ya soketi.

Kwa nini waya usumbue zaidi kwenye gari dogo?

Chini ya boneti la gari dogo hakuna nafasi. Hita huweza kuwa nyuma ya injini au chini kabisa, karibu na bomba la ekzosi, na waya ulazimike kuzunguka mikanda na feni hadi mbele. Njia fupi zaidi mara nyingi ndiyo mbaya zaidi.

Basi upite wapi?

Fuata mahali ambapo mtengenezaji tayari amepitisha mafungu ya nyaya za gari, kwa sababu hapo aliona pana usalama. Kaa mbali na vitu vitatu: chenye moto, chenye kuzunguka na chenye ncha kali. Chenye moto ni ekzosi yote, kuanzia pale inapotoka kwenye injini. Vyenye kuzunguka ni mikanda, ekseli za magurudumu, fimbo ya usukani na feni ya rejeta. Feni ya umeme huweza kuanza yenyewe hata baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo "haizunguki sasa" si hoja. Ncha kali ni kingo za mabati, pamoja na kufuli la boneti, ambalo hubana waya taratibu hadi ganda likatike.

Funga kwa kamba za plastiki zinazostahimili baridi, lakini usizifunge kwenye mabomba ya breki, ya mafuta wala ya kiyoyozi. Usizikaze hadi waya ukabonyea. Zaidi ya yote, acha ulegevu kati ya injini na bodi: injini hukaa juu ya raba na hutikisika kila unapokanyaga mafuta, na waya uliovutwa kama kamba ya kuanikia nguo utachomoka kwenye hita. Ukimaliza, washa gari, mwombe mwenzako akanyage mafuta kidogo huku wewe ukitazama kutoka pembeni, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili.

Plagi itokee upande gani?

Itokee mbele, kwenye wavu wa rejeta, upande wa dereva, ili uione unapokwenda kufungua mlango. Kanada dereva hukaa kushoto. Waliojifunza kuendesha Kenya au Tanzania wasije wakaiweka kulia kwa mazoea. Iwe na kifuniko dhidi ya chumvi na theluji, isining'inie karibu na ardhi, na ikiwa gari lako lina vizibo vya kujifungua nyuma ya wavu, waya usivizuie.

Nimesikia hita huunguza magari.

Moto umewahi kutokea, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Visababishi ni kama waya uliochubuka, kiunganishi kisichoingia hadi mwisho, au kulanti inayovuja mahali hita ilipofungwa. Ukiona plagi imebadilika rangi, ukinusa kitu kinachoungua au ukikuta unyevu kwenye kiunganishi, acha kuitumia mpaka fundi aikague.

Jua hili pia. Hitilafu ya usalama inapotangazwa na gari lako kuitwa lirudishwe, ukarabati huo kwa kawaida haulipiwi na mwenye gari, hata kama ulilinunua mkono wa pili. Andika namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, ukamuulize muuzaji rasmi wa aina ya gari lako. Orodha ya magari yaliyoitwa hutunzwa pia na idara ya serikali ya uchukuzi, Transport Canada.

Ekstensheni ipi inafaa?

Ya matumizi ya nje, ya pini tatu, yenye alama ya usalama ya CSA au cUL, na unene wa geji 14 au 16 (geji ikipungua namba, waya ni mnene zaidi). Ikunjue yote, maana iliyoviringishwa hujikusanyia joto, na usiunganishe mbili. Usiipitishe juu ya njia ya waenda kwa miguu kabla ya kuuliza kanuni za mji. Winnipeg na Edmonton namba ya kuuliza ni 311.

Nguzo ya umeme kwenye maegesho huzima yenyewe. Mwenye nyumba anatupunja?

Si lazima. Maegesho mengi yana vidhibiti vinavyowasha na kuzima umeme kwa zamu au kufuata baridi, na injini hubaki na joto la kutosha katikati. Soma mkataba wako kama umeme wa maegesho umejumuishwa. Ukiwa na shaka, uliza kwa maandishi na utunze jibu.

Badala ya kutumia hita, niache gari likiunguruma gereji?

Usifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu na huweza kuingia ndani ya nyumba.

Nimeondoka plagi ikiwa bado kwenye soketi. Nifanye nini?

Simama, zima injini, na usiguse waya uliokatika. Uchomoe kwanza upande wa soketi ya ukutani au nguzo. Kisha kagua mpaka kwenye hita, kwa kuwa mvuto huo huweza kuwa umelegeza kiunganishi cha ndani hata kama plagi ya nje inaonekana nzima. Waya uliochanika hubadilishwa wote, haufungwi kwa utepe.