Tujifunze Kikorea: "Niko na" na "Nataka"



Wengine wenu mmetuuliza kwa nini kijarida cha maendeleo kinapoteza karatasi kwa mambo ya Kikorea. Swali ni zuri. Kenya na Korea Kusini zimekuwa na uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1964, na siku hizi Wakorea si wageni tena kwetu: wako wamisionari, wako madaktari, wako vijana wa kujitolea. Vijana wetu nao wanaenda huko kusoma. Mgeni akifika kijijini, mambo mawili ndiyo atakayouliza kwanza: mko na nini, na mnataka nini. Sasa tukishindwa kujibu hayo mawili sawasawa, mengine yote yataharibika.

Tunajua yanavyoharibika kwa sababu yalitupata sisi wenyewe. Wageni kutoka kanisa moja la Korea walitutembelea kuangalia shida ya maji. Mmoja wetu, aliyekuwa amejifunza Kikorea kwa kitabu kidogo, alisimama mbele ya kikao akasema kwa sauti kubwa:

Uri-neun multaengkeu-reul wonhaeyo!

Alikuwa na maana ya "Sisi tunataka tangi la maji." Hakukosea neno hata moja. Lakini wageni walinyamaza, wakatazamana, kisha mzee wao mmoja akaandika kitu katika daftari. Halafu ndugu yetu akaendelea kuwasemea akina mama, na hapo ndipo alipokosea kweli. Tutarudi kwa hayo. Kwanza tuanze na kuwa na kitu, maana hapo Mkenya ana bahati.

KUWA NA KITU

Mwingereza akijifunza Kikorea huteseka, kwa sababu kwao kuwa na kitu ni kitendo, kama kula au kupiga. Anatafuta kitendo hicho katika Kikorea hakioni. Neno la kushika au kumiliki lipo, ni gajida, lakini mazungumzo ya kila siku hayalitegemei. Mkorea husema tu kwamba kitu kipo:

Jeo-neun chaek-i isseoyo. Nina kitabu.

Tukilivunja vipande: jeo-neun ni "mimi, kwa upande wangu", chaek ni kitabu, isseoyo (있어요) ni "kipo, kiko". Yaani "Mimi, kitabu kiko." Kitenzi hukaa mwisho daima.

Sasa tujisikilize sisi wenyewe. Kiswahili nacho hakina kitenzi cha namna ya Mwingereza. "Nina kitabu" ni kusema mimi ni pamoja na kitabu. Mkikuyu husema ndĩ na, Mjaluo husema an gi, na wote ni mambo ya kuwa pamoja na kitu. Na Kiswahili chetu cha mtaani kimekaribia Kikorea zaidi. Mwalimu wa sarufi atatukemea tukisema "niko na pesa" au "sukari iko?", lakini hapa "iko" hiyo ndiyo mwalimu wetu mzuri. Neno moja linatumika kwa kuwa mahali na pia kwa kuwa na kitu, na isseoyo hufanya hivyo hivyo:

Sogeum isseoyo? Chumvi iko?
Isseoyo. Iko.
Eopseoyo. Hakuna.

Mkiweza maneno hayo matatu mnaweza kununua vitu dukani Seoul kesho asubuhi. Eopseoyo (없어요) tamka "opsoyo". Hilo ni neno kamili la "hakuna" na "sina", kwa hivyo msichukue isseoyo mkalitia alama ya kukanusha mbele. Ukitaka kusema ilikuwepo, ni isseosseoyo, haikuwepo, eopseosseoyo. Tuliosoma Zaburi ya 23 katika Biblia ya Kikorea tuliona kuwa pale sisi tunaposoma juu ya kutopungukiwa, wao wanatumia neno hili hili la "hakuna": upungufu haupo.

Kuhusu matamshi, herufi hizi za kizungu ni za mpango uliotangazwa na serikali ya Korea mwaka 2000. Eo ni sauti moja, ni kama o lakini fungua kinywa na usiviringe midomo. Eu ni u ya kutanua midomo kama mtu anayetabasamu. Na si isome "shi". Lakini tafadhali, jifunzeni herufi zao wenyewe, Hangul. Mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza 1446 ili hata mtu wa kawaida aweze kusoma, na leo zinazotumika ni 24 tu. Agano Jipya la kwanza la Kikorea, lililotolewa 1887 na kikundi cha mmisionari Mskoti John Ross, liliandikwa kwa herufi hizo hizo na si kwa maandishi ya Kichina ya wasomi.

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni hili. Anafikiri kitabu "kinatendwa", kwa hivyo anaweka alama ya mtendwa, -eul au -reul. Hapana. Kitabu ndicho kilichoko, chenyewe ndicho bwana wa sentensi. Alama yake ni -i neno likiishia konsonanti, na -ga likiishia vokali. Chaek-i isseoyo ni sawa. Chaek-eul isseoyo ni makosa, hata kama Mkorea atakuelewa.

Kwa njia hii unaweza kusema mengi. Dongsaeng-i isseoyo, niko na ndugu mdogo. Sigan-i eopseoyo, sina wakati. Jilmun isseoyo, niko na swali. Na linalotufurahisha ni masisseoyo, ambalo utalisema ukikaribishwa chakula. Mas ni ladha, kwa hivyo unasema "ladha iko". Pale kwetu mtu husema chakula kiko na utamu, na hapo hakuna cha kukariri.

HESHIMA

Hapa simameni kidogo. Tunaposema juu ya mtu wa kuheshimiwa, ile "iko" moja inagawanyika mara mbili.

Moksanim gyeseyo? Mchungaji yuko?
Moksanim, sigan isseuseyo? Mchungaji, una wakati?

Mtu mwenyewe akiwepo, sema gyeseyo. Kitu chake kikiwepo, sema isseuseyo. Sisi tulimwambia mzee wa kanisa sigan-i gyeseyo, tukidhani tunaongeza adabu. Kumbe tulikuwa tumeuheshimu wakati, si mzee! Alicheka kidogo akafunika mdomo, halafu akatueleza. Ukikanusha, mtu ni an gyeseyo, kitu ni eopseuseyo.

Mnaona pia hatukutumia neno la "wewe". Kama vile kijana wa kwetu hawezi kumwita mwalimu wake "wewe", Mkorea hutumia cheo: moksanim ni mchungaji, jangnonim ni mzee wa kanisa, jipsanim ni shemasi, seonsaengnim ni mwalimu. Na kwa "yangu" mara nyingi husema uri, "yetu". Uri jip ni nyumba yetu hata kama anaishi peke yake; uri eomeoni ni mama yetu hata kama ni mtoto wa pekee. Mtu anayesema "kwetu Kitui" akiwa amesimama peke yake stendi hahitaji maelezo zaidi.

KUTAKA

Ukitaka kutenda jambo, chukua mzizi wa kitenzi, ongeza -go, halafu sipeoyo (싶어요), tamka "shipoyo".

Gago sipeoyo. Nataka kwenda.
Mul-eul masigo sipeoyo. Nataka kunywa maji.
Hangugeo-reul baeugo sipeoyo. Nataka kujifunza Kikorea.

Nilitaka ni sipeosseoyo. Sitaki ni sipji anayo. Katika mkutano au maombi, ambapo lugha huvaa suti, sema sipseumnida.

Lakini kama unataka kitu, si kutenda? Hapo ndipo lile tangi lilipotushinda. Wonhaeyo ni "nataka" kweli, na utalisikia sana kanisani kama wonhamnida, mtu anapomweleza Mungu haja ya moyo wake. Ukilisema kavu mbele ya mgeni lina uzito wa kudai. Mkorea mwenye kiu hasemi anayataka maji, husema:

Mul jom juseyo. Nipe maji kidogo, tafadhali.

Hiyo jom ni "kidogo", na kazi yake ni kulainisha ombi tu, haipimi maji. Nasi hotelini hatusemi "nataka chai" kama tumelelewa vizuri. Tunasema "naomba chai" au "nisaidie na chai". Na kama ni haja ya kijiji, neno lake ni piryohaeyo:

Mul-i piryohaeyo. Maji yanahitajika.

Angalieni ile -i tena. Maji ndiyo bwana wa sentensi, kama katika "yanahitajika" yetu. Ndugu yetu angeweza kusimama na kusema mul-i eopseoyo, maji hakuna, kisha multaengkeu-ga piryohaeyo, tangi linahitajika. Hayo hayadai kitu kwa mtu. Yanaeleza hali, na mgeni anabaki na nafasi ya kujibu. Mzee yule wa Korea mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo jioni, tukinywa chai. Katika daftari alikuwa ameandika wonhaeyo na kuweka alama ya kuuliza.

KUTAKA KWA MTU MWINGINE

Sasa turudi kwa akina mama. Baada ya tangi, ndugu yetu alisema:

Eomeonideul-i baeugo sipeoyo.

Alikusudia "Akina mama wanataka kujifunza", yaani darasa la watu wazima. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haina kosa. Kwa Kikorea haisimami. Sipeoyo ni la moyo wa anayesema. Unaweza kulitumia kwa nafsi yako, na unaweza kumwuliza mwenzako aliye mbele yako, gago sipeoyo?, au kwa heshima gago sipeuseyo? Mtu wa tatu huna ruhusa ya kuusemea moyo wake hivyo. Ni lazima uongeze haeyo, "anafanya", au kwa heshima haseyo:

Aideul-i hakgyo-e gago sipeo haeyo. Watoto wanataka kwenda shule.
Eomeonideul-i baeugo sipeo haseyo. Akina mama wanataka kujifunza.

Maana ya ndani ni karibu "wanaonyesha kutaka". Nimeona dalili, lakini moyo ni wao. Na kama walikuambia kwa mdomo, kuna njia nyingine:

Eomeonideul-i baeugo sipdago hasyeosseoyo. Akina mama walisema wanataka kujifunza.

Mzee wa Korea aliuliza kwa upole, kupitia mkalimani: je, ni sipeo haseyo au ni sipdago hasyeosseoyo? Mmeona, au wamesema? Swali lilitafsiriwa kwa Kiswahili, na mama mmoja aliyeketi nyuma karibu na mlango akasimama. "Sisi tuliulizwa lini?" Kikao kilinyamaza. Aliendelea kusema kuwa darasa ni jambo jema, lakini mtu anayetoka mtoni na mtungi jua likitua atasoma saa ngapi? Maji yakaribie kwanza. Wengine wakaitikia. Ilibidi katibu akate mstari katika kumbukumbu na kuandika upya, darasa likawa la pili.

Tungependa kusema tulikuwa tumepanga hivyo. Hatukupanga. Na tangu hapo, katika taarifa zetu za Kiswahili pia, tunaandika "walisema" au "tuliona", ingawa lugha yetu haitulazimishi.

ZOEZI

Tafsiri kwa Kikorea bila kuangalia juu:
1. Niko na swali.
2. Maji hakuna.
3. Mwalimu yuko? (kwa heshima)
4. Mwalimu, una wakati?
5. Watoto wanataka kunywa maji.
6. Kitabu kinahitajika.

Majibu: (1) Jilmun-i isseoyo. (2) Mul-i eopseoyo. (3) Seonsaengnim gyeseyo? (4) Seonsaengnim, sigan isseuseyo? (5) Aideul-i mul-eul masigo sipeo haeyo. (6) Chaek-i piryohaeyo.

Aliyeandika masigo sipeoyo katika namba 5 arudie sehemu ya mwisho. Aliyeandika chaek-eul katika namba 6 asihuzunike, hata sisi ilituchukua miezi.