Kukuza Nyanya Chumbani kwa Mwanga wa Taa

Mwezi wa Desemba, jua la Oslo huonekana kwa muda wa saa 6 hivi, tena likiwa hafifu. Wewe uliyehamia nchi za baridi bado unaweza kuchuma nyanya mbivu chumbani, mradi usitegemee dirisha. Tanguliza taa.

Mbegu. Chagua aina fupi kama Tiny Tim au Red Robin. Ndoo ya lita 5 iliyotobolewa chini inatosha mche mmoja. Anna F1, maarufu kwenye vibanda vya nailoni huko Kenya, hupanda zaidi ya mita 2 na haifai chumbani. Fukia mbegu kina cha sentimita 1. Kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27 huota ndani ya siku 5 hadi 10.

Taa. LED nyeupe za mrija zinafaa. Zining'inize kwa mnyororo, sentimita 10 hadi 15 juu ya miche, na uzipandishe kadiri inavyokua. Kisha kagua mche wenyewe: shina likirefuka jembamba na kupauka, shusha taa, majani ya juu yakibabuka, ipandishe. Washa kwa saa 14 hadi 16 kila siku, halafu zima. Nyanya ikinyimwa giza, majani yake huwa manjano. Taima ya bei nafuu itakukumbusha.

Maji. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu juu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Ukimwagilia leo kwa fujo na kesho ukasahau, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, nalo huoza kitako. Maua yakianza, tumia mbolea yenye potasiamu nyingi. Naitrojeni ikizidi utavuna majani.

Maua. Hapa ndipo wengi hukwama: mmea unachanua vizuri, lakini hauzai. Chumbani hakuna upepo wala nyuki, kwa hiyo kazi yao ni yako. Kila siku mchana, ua likiwa limefunguka na petali zimepinda nyuma, gonga kikonyo chake kwa kidole, au kiguse kwa mswaki wa umeme uliowashwa. Chavua ya njano itadondoka kama vumbi. Usiweke ndoo karibu na hita; joto likipita nyuzi 30, chavua hudhoofika na maua hupukutika.

Fedha zikiwa haba, punguza idadi ya ndoo, usipunguze taa. Mche mmoja ulioshiba mwanga utakulisha kuliko minne iliyodumaa.