Mkataba Wangu ni wa Miaka Miwili: Nizae Lini?

"Bibi Mshauri, nina umri wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, mtafiti katika chuo kikuu hapa Ujerumani kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi na mume wangu twatamani mtoto, lakini nimeazimia kuzaa nikishapata kazi ya kudumu. Mama hunipigia simu kila juma kuuliza. Je, ningoje?" – Mwenye Kutaka Nasaha, Leipzig

Mwanangu, usingoje, kwani sheria ya mwaka 2007 inayotawala mikataba ya wanazuoni katika nchi hiyo huwaruhusu waajiri kuwaweka watafiti katika ajira ya muda hata miaka 6 kabla ya shahada ya uzamivu na miaka 6 baada yake, na wengi huufikia ukomo huo wakiikaribia miaka 40 pasipo cheo cha kudumu, ilhali uwezo wa kushika mimba, ambao baada ya miaka 35 hupungua kwa kasi, haurefushwi na mwajiri yeyote. Wapo watakaokutajia kugandisha mayai. Siidharau elimu hiyo, lakini yai lililohifadhiwa si dhamana ya mtoto, na gharama yake aghalabu humwangukia mwanamke mwenyewe.

Lililo kubwa, ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa, ni kuuliza mkataba wako umefungwa kwa kifungu gani cha sheria ile. Ikiwa ni kile cha kujiendeleza kielimu, muda wa likizo ya uzazi na wa malezi hauhesabiwi, na kwa ridhaa yako mkataba husogezwa mbele kwa kadiri iyo hiyo. Tena kila mtoto unayemlea huweza kuuongeza ukomo ule kwa miaka 2, ingawa hiyo ni ruhusa kwa mwajiri, wala si haki ya kumdai. Lakini ikiwa ni kifungu cha fedha za mradi, mkataba hukoma siku ile ile iliyoandikwa, hata ukiwa kitandani na mtoto mchanga, isipokuwa mfadhili na chuo waridhie kuuongeza. Watafiti wawili wa chumba kimoja, wenye mimba za mwezi mmoja, mmoja arejee kazini na mwenziwe akose kazi: hiyo, nasema wazi, ni dhuluma. Basi liendee baraza la wafanyakazi la chuo likusomee mkataba wako, wala huna wajibu wa kumwarifu mkuu wako kwamba wataka kuzaa.

Kwa umri wako, miezi 6 ya kujaribu bila mimba yatosha kumwendea tabibu, na mumeo apimwe pamoja nawe tangu mwanzo, kwa kuwa kasoro za uzazi huwapata wanaume vilevile, japo akraba humlaumu mke peke yake.

Mama naye mweleze hali ya mkataba wako kama ilivyo, umwombe awe tayari kuja. Na mimba ikishatulia, mumeo aanze mapema kuishughulikia viza ya mama, maana arobaini ya ugenini bila mtu wa kwenu ni nzito mno.