Alama za Croatia zinamfuata hadi Brussels

SWALI: Mdogo wangu alitoka Bujumbura mwaka 2022, akapitia Serbia na Croatia. Yuko Brussels, ameomba hifadhi lakini analala kwenye hema kando ya mfereji. Wenzake wanamwambia abadilishe jina aanze upya. Afanye hivyo?

JIBU: Asithubutu. Jina hubadilika, vidole ni vilevile. Kama alichukuliwa alama Croatia, ziko katika Eurodac, mfumo wa Ulaya wa alama za vidole za waomba hifadhi, na afisa wa Brussels huziona mara anapoweka kidole kwenye mashine. Jina la pili litamfanya aonekane mwongo hata atakaposema kweli kuhusu yaliyomkimbiza.

Wala asipotee. Chini ya kanuni ya Dublin ya mwaka 2013, inayoamua nchi ipi ya Ulaya ishughulikie ombi, Croatia ikishakubali kumpokea, Ubelgiji ina miezi 6 ya kumrudisha. Ikishindwa, kesi inabaki kwa Ubelgiji. Akitoroka, miezi hiyo yaweza kuwa 18. Hapo ndipo vijana wengi hujiharibia.

Kulala nje si kosa lake. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Ubelgiji katika kesi ya Camara, mwombaji aliyenyimwa makazi. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kutowapa makazi wanaume waliokuja peke yao! Basi ajiandikishe kwenye orodha ya kusubiri makazi ya Fedasil, shirika la Ubelgiji la kupokea waomba hifadhi, aombe wakili wa bure, anayeitwa huko “pro deo”, na amuulize mara kwa mara kama kuna wito. Ile karatasi ya maombi aifunge kwenye nailoni. Mvua ya Brussels haina msimu.