Masada, Ngome ya Wayahudi

Msomaji akifuata katika ramani ufuko wa magharibi wa Bahari ya Chumvi, upande wa kusini ataona jina Masada. Ni mlima wa mwamba uliojitenga peke yake. Juu ni tambarare, na pande zote ni magenge. Toka ufukoni hata kileleni ni zaidi ya mita 400. Neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni ngome.

Aliyeijenga sana ni Mfalme Herode, yule aliyetawala Uyahudi kwa hisani ya Warumi mpaka mwaka 4 K.K. Aliwaogopa raia zake mwenyewe, tena alimwogopa Cleopatra wa Misri, kwa hiyo alitaka mahali pa kukimbilia. Alijenga ghala ndefu za chakula, na kasri lenye ngazi tatu likining'inia kwenye genge la kaskazini. Lakini mimi nastaajabia zaidi habari ya maji. Mvua huko ni haba mno, nayo ikinyesha hushuka kwa mafuriko mabondeni. Mafundi wake waliyazuia maji hayo, wakayaongoza kwa mifereji mpaka katika mabirika 12 yaliyochongwa ubavuni mwa mwamba. Yakadiriwa yalichukua mita za ujazo 40,000.

Mwaka 66 B.K. Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Kundi lililoitwa Sicarii, yaani wenye majambia, liliishika Masada. Yerusalemu na Hekalu vikateketezwa mwaka 70, na baada ya miaka mitatu hivi liwali wa Kirumi, Flavius Silva, akaja na Kikosi cha Kumi kuumaliza uasi. Aliuzungusha mlima kwa kambi nane na ukuta wa kilomita nne, ambao mabaki yake yaonekana mpaka leo. Kisha upande wa magharibi akajenga njia ya mawe na udongo ya kupandishia mashine za kubomolea ukuta.

Mwandishi wa zamani, Josephus, asimulia kwamba usiku wa mwisho mkuu wao, Eleazar ben Yair, aliwashawishi wenzake wafe kuliko kuwa watumwa. Kila mwanamume aliua mke na watoto wake. Kisha wanaume kumi wakachaguliwa kwa kura kuwaua waliobaki, na mmoja kwa kura tena kuwaua wale tisa na kujiua. Walikufa watu 960. Wanawake wawili na watoto watano walijificha, wakapona.

Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kumwuliza shahidi: wewe ulikuwa wapi? Josephus hakuwapo Masada. Alikuwa mkuu wa Wayahudi huko Galilaya, na mwaka 67 wenzake walipouana kwa kura pangoni, yeye alibaki hai akajitoa kwa Warumi. Kitabu chake alikiandika Roma, akitunzwa na Kaisari. Yeye huyo huyo asema kwamba watu wa Masada walikishambulia kijiji cha Kiyahudi cha Ein Gedi wakati wa Pasaka, wakaua wanawake na watoto zaidi ya 700.

Jambo la ajabu ni kwamba Talmud haiitaji Masada hata kidogo. Wazee wa dini walishika njia nyingine, ya kusoma Torati na kuifundisha, na kitabu cha Josephus kilihifadhiwa na Wakristo. Mlima wenyewe haukutambuliwa tena mpaka mwaka 1838, Wamarekani wawili, Robinson na Smith, walipoutazama kwa darubini toka Ein Gedi.

Ni taabu za Wayahudi wa Ulaya zilizoifufua Masada. Mwaka 1927 Yitzhak Lamdan alitoa utenzi wake kwa Kiebrania uitwao kwa jina hilo, na vijana wakaanza kuupanda mlima kwa miguu. Baada ya Israeli kuundwa mwaka 1948, askari wa vifaru waliapishwa kileleni. Baadaye kiapo kikahamishiwa Latrun. Mwaka 1963 mpaka 1965 Profesa Yigael Yadin alichimba huko pamoja na watu wa kujitolea toka nchi nyingi. Walipata sinagogi, na vipande vya Zaburi, Walawi na Ezekieli. Mifupa ya watu 27 ilizikwa kwa heshima za taifa mwaka 1969, ingawa wataalamu wengine wamekataa kwamba ni ya watetezi, kwa kuwa ilionekana pamoja na mifupa ya nguruwe.

Mwaka 1995 Nachman Ben-Yehuda, msomi Mwisraeli, alitoa kitabu kuonyesha jinsi wasimulizi wa karne ya ishirini walivyoiacha habari ya Ein Gedi wakabakiza ushujaa tu. Wengi walichukizwa. Wengine walikumbusha kwamba dini ya Kiyahudi yenyewe hukataza mtu kujiua.

Liko jambo moja ningependa kidato cha tatu mlijadili. Yadin alipata vigae 11 vyenye majina, kimoja kimeandikwa "ben Yair", akaona kuwa huenda ndizo kura zenyewe. Josephus asema waliochaguliwa walikuwa kumi.